Sindano Tatu



Mnaotufuata muda mrefu mnaijua ada yetu. Usiku wa kuamkia Ijumaa, watoto wakishalala na vyombo vikishaoshwa, sisi ndugu watatu hutumiana kwenye simu yale tuliyoyaokota mtandaoni wiki nzima. Si umbea, ingawa umbea nao hupita. Ni mambo ya ufundi na ubunifu: kifaa kipya, nyumba iliyojengwa kwa akili, kitambaa, mashine. Wawili tuko Unguja, mdogo wetu yuko Pemba na Bimkubwa, na usiku ule ndio baraza yetu.

Mara hii tulikuwa na ya kutosha. Tulikuwa na Susan Kare, mwanamke aliyechora alama ndogo ndogo za kompyuta ya Macintosh iliyotoka 1984. Alizichora kwanza kwenye daftari la miraba, kila mraba ukawa nukta moja ya skrini, na kabla ya hapo alishaizoea kazi ya kudarizi. Tulikuwa na Al-Jazari pia, aliyekamilisha kitabu chake cha mashine mwaka 1206. Humo mna chombo cha kumtilia maji mfalme wakati wa kutawadha, kwa sababu mfalme hakupenda kumiminiwa na mtumishi wala kijakazi. Hilo tulilicheka sana. Lakini hayo yatasubiri siku nyengine, kwani kilichotushughulisha miezi hii ni sindano.

Ilianza na picha. Mkubwa wetu alituma picha ya wanawake wa Marekani wamekaa kiwandani, mmoja ameinama kwenye fremu kama anayetarizi. Kumbe wanashona kompyuta. Hatutanii. Chombo cha Apollo kilichopeleka watu mwezini Julai 1969 kilikuwa na kompyuta, na maagizo yake hayakuandikwa kwenye kitu kama tunachokijua leo. Yalifumwa kwa waya. Palikuwa na pete ndogo ndogo za chuma zimepangwa safu kwa safu, na mwanamke anapitisha sindano yenye waya. Waya ukipita ndani ya pete, hiyo ni moja. Ukipita kando yake, hiyo ni sifuri. Basi, hivyo hivyo, mpaka yakatimia maneno ya kompyuta zaidi ya elfu thelathini na sita. Kazi ilifanywa katika kiwanda cha Raytheon, mji wa Waltham, mji ambao kabla ya hapo ulisifika kwa kutengeneza saa. Mashine iliyosoma ukanda wa karatasi wenye matundu ilimwonyesha mshonaji pahala pa kupitisha sindano, lakini mkono ulikuwa wake. Na ukikosea, huna kifutio. Unarudi kufumua.

Sisi tuliotoka tumbo la mwanamke anayeshona kofia za viua, mnadhani tuliiona vipi picha hiyo? Kofia ya viua ni nini kama si hiyo hiyo? Pahala hapa pana tundu, pahala hapa hapana, na jicho la mtu likitazama kwa mbali linaona ua. Bimkubwa anashona tangu hajaolewa. Kila mmoja wetu kasoma kwa kofia zake: ada za skuli, sare, viatu vya Idi. Tukamwambia mdogo wetu, mwonyeshe Bimkubwa sasa hivi, kabla hajalala.

Akamwonyesha. Bimkubwa akaichukua simu, akaipeleka mbali, akairudisha karibu, akaiinamisha upande, akaigeuzia taa. Halafu akairudisha.

"Nielezee tu, mwanangu. Skrini yako ina vumbi."

Skrini haikuwa na vumbi.

Asubuhi yake mdogo wetu alilifungua kapu la ushoni. Humo mlikuwa na kofia ya mjukuu wetu wa kwanza kuoa, nikahi yake ilipangwa mara baada ya Idd Kubwa, mwezi wa Mfungo Tatu. Duara la juu limekwisha. Ukanda wa pembeni umefika nusu. Na kwenye kibweta cha sindano, sindano saba, hata moja haina uzi. Alikuwa akimngoja mtoto wa jirani atoke chuoni amtungie zote kwa mpigo, kisha anashona mpaka zinamalizika, anakaa. Sisi tulikuwa tukipiga simu kila siku. "Bimkubwa, hujambo?" "Sijambo, alhamdulillah, nashona." Na kweli alikuwa akishona. Hakusema uongo.

Tulilia kila mtu kwake, kisha tukafanya kile tunachokijua, yaani tukaingia mtandaoni.

Tuliagiza vitu viwili. Cha kwanza, sindano zenye mpasuko juu ya tundu, uzi unaubana kwa juu unaingia wenyewe, huhitaji kuona. Ubunifu mzuri, tunaupenda, na kwa kushona kifungo au kupindia shati hatuna neno. Lakini kazi ya viua inavuta uzi mara nyingi pahala pamoja, na ule mpasuko uliuchana uzi mpaka ukatoka manyoya. Bimkubwa alizitia kwenye mkebe wa vifungo kwa adabu, akashukuru. Cha pili kilikuwa kioo cha kukuzia chenye taa, unakivaa shingoni kinakaa kifuani. Hicho ndicho tulichokitegemea. Siku ya kwanza akakivua baada ya dakika tano. Akasema taa inamwingia kama jua la baharini saa saba, kila kitu kinageuka maziwa.

Neno hilo, maziwa, ndilo lililotufanya tuache kununua na tumpeleke kwa daktari wa macho. Tungelianza na hilo. Tunalisema hapa kwa sababu tunajua si sisi peke yetu tunaokimbilia kifaa kabla ya kuuliza maradhi ni nini.

Ikawa mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limetangulia. Tulidhani siku zote kuwa mtoto wa jicho ni utando unaoota juu, kama ukungu juu ya dirisha. Sivyo. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, mna lenzi, na hiyo lenzi yenyewe ndiyo inayochafuka, kidogo kidogo, kama jinsi kioo cha taa ya chemni kinavyobadilika rangi. Ndiyo maana mwanga mkali ulimzidishia: unafika kwenye kioo kilichochafuka unatawanyika. Taa yetu ya shingoni ilikuwa ikimuumiza, na yeye alivumilia dakika tano kwa kuwa wanawe wameileta.

Dawa yake ni upasuaji. Lenzi iliyochafuka inatolewa, inawekwa nyengine ya kutengenezwa. Daktari alieleza kwa upole. Bimkubwa alisikiliza mpaka mwisho, akajitanda ushungi wake vizuri, akasema:

"Jicho si kitambaa."

Akainuka.

Wiki mbili hakutaka kulisikia. Na wiki mbili hizo, jamani, simu zetu zilijaa. Kila mwenye nia njema alituma video. Matone ya asali. Matone ya kitunguu. Matone kutoka nchi ya mbali, "bila kisu bila maumivu", sauti ya kiume inasoma na nyuma yake kaswida. Mmoja wetu, hatumtaji lakini anajijua, alishauliza bei. Asali ina heshima yake katika dini yetu na hakuna anayebishana na hilo. Lakini kumtia mama yako jichoni kitu kilichotoka kwenye simu ya mtu usiyemjua ni jambo jengine. Katika Surat al-Hujurat tumeamrishwa kuhakikisha khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga, na sisi tunaifikiria aya hiyo kwenye siasa na fitina za mtaani, hatuifikirii kwenye chupa ya dawa. Tulimuuliza daktari. Akasema hakuna tone lililothibitika kuisafisha lenzi ikishachafuka. Tukazifuta video zote, moja moja.

Ndipo tulipokutana na sindano ya pili.

Mkubwa wetu alikuwa akisoma khabari za matabibu wa Kiislamu wa zamani, akamkuta Ammar bin Ali, mtu wa Mosul, aliyefanya kazi Misri zama za al-Hakim, kama miaka elfu moja iliyopita. Wakati ule wengi waliotibu mtoto wa jicho waliisukuma tu ile lenzi kwa sindano mpaka ikaanguka chini ya jicho, mwanga ukapata njia. Ammar aliunda sindano ya chuma yenye uwazi ndani, akaiingiza jichoni, akauvuta uchafu kwa kuunyonya. Aliandika kitabu juu ya maradhi ya macho, akaeleza na wagonjwa wake. Miaka elfu moja! Sisi tulikuwa tunadhani Bimkubwa anaogopa kitu kipya cha kizungu, na tukaona sasa tumepata hoja. Tukamtumia ujumbe wa sauti, tatu kwa pamoja, tunapokezana kama kwenye maulidi.

Akajibu kwa sauti pia. "Mungu amrehemu. Lakini huyo si ndiye atakayenipasua."

Haki yake. Tukaona tulifanya kama wanavyofanya wengi, tunadhani tukimtaja mwanachuoni wa zamani basi mazungumzo yamekwisha.

Tukaendelea kusoma, safari hii si kwa kutafuta hoja, bali kwa kutaka kujua hicho kioo kitakachowekwa ndani ya mama yetu ni kitu gani na kimetoka wapi. Na kisa chake ni cha ajabu. Katika Vita vya Pili vya Dunia marubani wa Uingereza walikuwa wakipigwa angani, na kifuniko cha ndege zao, kilichotengenezwa kwa plastiki ngumu iitwayo Perspex, kinavunjika na vipande vinawaingia machoni. Daktari Harold Ridley aliwatibu. Akaona jambo: vipande vile vimebaki machoni na jicho halikuvimba, halikuvikataa. Vimekaa kimya. Baadaye mwanafunzi mmoja wa udaktari alimtazama akitoa lenzi yenye mtoto wa jicho, akamuuliza kwa nini hamwekei mgonjwa nyengine badala yake. Maana wakati ule ukitolewa lenzi unabaki bila, unavaa miwani minene kama tako la chupa maisha yako yote. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' London, Ridley alimfanyia upasuaji mgonjwa wa kwanza wa lenzi ya plastiki ile. Wenzake walimpinga kwa miaka mingi. Yeye mwenyewe alipozeeka akapata mtoto wa jicho, akawekewa lenzi kama alizozianzisha.

Lakini palikuwa na kipande kingine katika kisa hicho, na kilitugombanisha. Mgonjwa yule wa kwanza alikuwa mwanamke wa miaka arubaini na mitano. Lenzi ilikaa, jicho lilipona, ila nguvu ya lenzi ilikosewa hesabu. Ilikuwa kali mno. Mama wa watu akawa haoni mbali ila kwa miwani mikali.

Mmoja wetu akasema hilo tusimwambie. Ni jambo la 1949, limeshapita, litamtia hofu bure. Mwengine akasema basi tutakuwa hatuna tofauti na wale wa matone: tunamchagulia yanayotufaa sisi. Mama yetu si mtoto. Jicho ni lake. Tulinuniana siku mbili, na kwa ndugu wanaoandika pamoja siku mbili ni nyingi. Mwishowe tukapanda boti kwenda Pemba sote, bahari imechafuka, tukafika hatuna rangi, na jioni baada ya kusali Magharibi tukamweleza kisa chote, pamoja na kosa.

Alikuwa ameishika ile kofia isiyokwisha mapajani, anaipapasa ukanda wake kwa kidole gumba.

"Wa mwanzo ndivyo," akasema. "Kofia yangu ya mwanzo haikumwingia mtu. Marehemu bibi yenu aliivalisha jungu." Akanyamaza. "Na sasa? Hukosea bado?"

Tukamweleza kuwa siku hizi jicho hupimwa kwanza. Wanapima urefu wake kwa ndani, wanapima mviringo wa mbele, wanapiga hesabu, kila mtu anapewa lenzi ya nguvu yake. Haiwi ya dukani moja kwa wote. Hata macho mawili ya mtu mmoja yanaweza kupata lenzi mbalimbali.

"Ah," akasema Bimkubwa. "Kumbe hupima kichwa."

Hapa inabidi tuwaeleze wasiojua. Bimkubwa hashoni kofia ya mtu asiyempima. Anazungusha ukanda wa kitambaa kichwani, anautia alama, kisha anaukunja nusu, na nusu tena, na nusu tena, na nusu tena, mpaka apate sehemu kumi na sita sawasawa. Maua yake ni ya aina mbili yanayopokezana, kubwa na dogo. Kwa hiyo lazima idadi yake itoke shufwa. Ikitoka witiri, pale mwisho wa ukanda unapokutana na mwanzo, makubwa mawili yatasimama pamoja, na hapo, kwa maneno yake, kofia imekuwa na kidonda. Kichwa kikizidi kidogo haongezi ua, anagawa nafasi ile katika sehemu zote kumi na sita mpaka jicho lisiione. Hesabu yote hiyo haiandiki popote. Hakuwahi kukaa skuli zaidi ya miaka mitatu.

Mwaka juzi tulijaribu kuuchora mchoro wake kwenye karatasi ya miraba, tukijiona werevu kama Susan Kare. Tukampelekea. Akapitisha kidole, akasema, "Kumi na tano." Tulikuwa tumesahau ua moja. Sasa tunapokumbuka, alipitisha kidole. Hakutazama. Ilikuwa mwaka juzi na ishara ilikuwa pale pale.

Alikubali. Hakusema "nimekubali". Alisema, "Mwambieni daktari anipime vizuri," na tukajua.

Jicho la kulia lilifanyiwa kwanza. Tulikaa nje kwenye benchi, mmoja na tasbihi, mmoja na juzuu, mmoja anatembea. Hatukuwa tumemaliza hata nyuradi zetu tukaitwa. Alitoka amefungwa kitambaa jicho moja, ushungi umepinda, anauliza kama tumekula. Matone ya hospitali yalifuata, kwa saa zake, na mdogo wetu alibandika karatasi mlangoni na kuweka mlio wa simu kwa kila tone. Hilo ni jambo dogo lakini tunawashauri. Matone yakichanganyika na kazi za nyumbani yanasahaulika.

Siku ya kitambaa kufunguliwa hatukuwapo sote, ila tulipigiwa simu ya picha. Jambo la kwanza alilolisema ni kwamba ukuta wa jikoni unahitaji chokaa. La pili, mdogo wetu amekonda na hakuna aliyemwambia.

Usiku mmoja, daktari alipomruhusu kurudi kazini kwake, aliomba ile picha ya wanawake wa Waltham. Aliishika simu karibu, akaitazama muda mrefu. Akauliza kama majina yao yameandikwa. Tukamwambia katika picha ile hayapo. Anajulikana Margaret Hamilton, aliyeongoza walioandika maagizo yenyewe, lakini washonaji wameitwa washonaji tu. Hakusema kitu. Kisha akamwambia mdogo wetu alete daftari la miraba, aandike: mchoro huu, wa kumi na sita, kautoa kwa mama yake, na mama yake kautoa kwa shangazi yake mtu wa Wete, na akamtajia jina, jina ambalo sisi watatu hatujawahi kulisikia.

Tulimuuliza kama anaruhusu tuuweke mtandaoni. Tulitarajia akatae, maana kofia za mashine zimejaa madukani na mchoro wake utanakiliwa kwa siku moja. Akasema mchoro wauchukue, elimu haizikwi, ila majina yasitoke. Tutafute njia ya majina kutotoka. Bado tunaitafuta, na mwenye ujuzi wa mambo haya atuandikie. Mpaka tuipate, mchoro uko kwenye daftari.

Ile kofia ya nikahi aliitoa kapuni mchana wa siku ya pili. Akaitia uzi sindano mwenyewe, mara moja, bila ya kulamba ncha. Kisha akaupeleka ule ukanda dirishani, akauangalia, akaukunja uso.

"Nani kashona hivi?"

Alikuwa ni yeye, miezi ya kiza. Viua vya safu ya chini vilikuwa vimepanda na kushuka kama mawimbi. Akaomba mkasi mdogo. Tulikuwa wawili kando yake, tunazipokea nyuzi anazozifumua, na nikahi imebaki wiki tano.